Kumchora Yangeyange kwa Nta ya Nyuki

Kila anayeanza kuchora kwa nta ya moto mimi humwelekeza kwa yangeyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni, kwa sababu nta isiyopaushwa ina umanjano unaokaribiana sana na manyoya yanayomwota utosini, kifuani na mgongoni msimu wa kuzaliana.

Tayarisha kipande cha plaiwudi kisichopakwa chochote. Usitangulize rangi ya akriliki, kwani ni plastiki na nta haiwezi kupenya ndani yake.

Pima gramu 400 za nta na gramu 50 za utomvu mkavu wa damari, unaoipa nta ugumu, kisha uviyeyushe pamoja juu ya jiko la umeme, kamwe si juu ya moto wa wazi, huku madirisha yakiwa wazi. Damari huchelewa kuyeyuka; koroga taratibu bila kuongeza moto kwa pupa, maana nta inayotoa moshi imekwisha kupita kiasi. Chuja kwa kitambaa cha pamba, kisha ushike joto la nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi ukitumia kipimajoto. Nta ikiwaka, funika sufuria na uzime jiko, usimwagie maji.

Paka tabaka la kwanza kwa brashi ya manyoya ya mnyama, kwa kuwa ya nailoni huharibika kwa joto. Sasa inakuja kazi yenyewe: pitisha juu yake kifaa cha kupulizia hewa moto, kile ambacho mafundi hubandulia rangi ya zamani, mpaka uso ung'ae kama uliolowa, kisha ukiondoe papo hapo. Ikianza kutiririka, umechelewa. Kila tabaka lazima lishikane hivyo na lililo chini yake. Picha yangu ya kwanza ilibanduka shingo nzima kama ganda la yai kwa sababu niliruka hatua hii, ilhali picha za nyuso za wafu za Fayum huko Misri, ambazo nyingi zilichorwa kwa nta kati ya karne ya 1 na ya 3, zimedumu hadi leo.

Mwili mweupe upake kwa nta iliyopaushwa, iliyochanganywa na rangi nyeupe ya mafuta kidogo tu, tabaka nne au tano nyembamba, ili mwanga upenye. Rangi ya mafuta ikamulie kwanza kwenye karatasi inyonye mafuta ya ziada. Utosini acha nta ya asili ilivyo.

Nyuzi za manyoya usizichore kwa brashi. Nta ikipoa, zikwaruze kwa sindano, usugulie rangi ya kijivu, kisha ufute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia: rangi itabaki ndani ya mikwaruzo tu, nyembamba kama unywele.

Itundike mbali na jua. Baada ya wiki kadhaa uso ukifanya utandu mweupe, sugua polepole kwa pamba laini mpaka mng'ao urudi.