Fremu ngapi kwa sekunde zinatosha kucheza gemu?

Fremu ni picha mojamoja ambazo gemu huzionyesha mfululizo. Kwa gemu nyingi, 60 zinatosha kabisa. Hata 30 zinachezeka mradi zisiyumbe. Kwenye gemu za hadithi au za kujenga miji hutasumbuka. Mpira, mbio za magari na bunduki ndizo zinazodai 60, kwa kuwa kila fremu hukaa milisekunde 16.7 badala ya 33.3 na ukibonyeza unaona jibu mapema. 120 au 144 mwachie mwenye skrini ya kuzionyesha. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kampala zina skrini ya hezi 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na hiyo haionyeshi zaidi ya picha 60 kamili kwa sekunde hata mashine itoe 110.

Kinachoudhi hasa ni kuyumba. Ukiwa na V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na skrini), fremu 45 kwenye skrini ya hezi 60 hukwamakwama: katika kila fremu tatu, mbili huonyeshwa mara moja na moja mara mbili, na jicho linaligundua hilo. Afadhali 30 zilizotulia.

Pima hivi. Washa kihesabu cha fremu katika mipangilio ya Steam (programu ya kununua na kuchezea gemu), chomeka chaja, cheza dakika 15 penye fujo: kwenye mpira, kona, wachezaji wote wamejazana kwenye boksi. Menyu haipimi kitu. Tazama namba ya chini kabisa. Ikishuka hadi 50 au chini, punguza vivuli kwanza. Bado? Toka 1920×1080 uende 1280×720. Pikseli zinapungua zaidi ya nusu, ingawa maandishi yataingia ukungu kidogo. Ikigoma, funga fremu kwenye 30.

Ikianza vizuri kisha ikaanguka baada ya dakika kumi, shuku joto. Vumbi letu jekundu huziba feni. Safisha kabla ya kulaumu gemu. Ikishuka ghafla umeme ulipokatika, ni laptopu imejibana kwa sababu ya betri.

Kama huna kadi ya picha ya pekee, fungua mashine utazame RAM. Picha zinachotwa humohumo, hivyo vipande viwili vya GB 4 kwa kawaida hushinda kimoja cha GB 8. Ukinunua cha pili, hakikisha aina: DDR3L haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Na kama kihesabu kinasoma 60 lakini wapinzani wanarukaruka uwanjani, hapo tatizo ni intaneti. Kushusha picha hakutasaidia.