Mzazi akishindwa kuinuka kitini: namna ya kumrudishia nguvu za miguu, hatua kwa hatua

Mama yangu ana miaka 73. Mwaka jana aliteleza ukumbini, hakuvunjika popote, lakini tangu siku ile sisi watoto tulikubaliana asiguse kazi. Akitaka maji, mjukuu anakimbia. Akitaka kuinuka, kuna mtu ameshamwahi: "Kaa mama, tutakuletea." Baada ya kama miezi miwili akaketi kwenye mbuzi akune nazi ya wali, akamaliza, kisha akaniita nimnyanyue, maana mwenyewe alishindwa. Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Tanga, na niliyaacha hayo yatokee nyumbani kwangu. Miguu ya mzee huisha upesi sana isipopewa kazi, na sisi ndio tulioinyima kazi kwa jina la heshima.

Nimeandika namna nilivyomrudisha, kwa sababu karibu kila wiki mtu huniuliza habari ya mzazi wake.

Hatua ya 1: Hakikisha yuko salama kuanza

Kama alianguka karibuni na nyonga au goti linamuuma akikanyaga, apigwe picha kwanza. Maumivu ya kifua, kuhema hali amekaa tu, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asifanye mazoezi kabla ya kunywa chai. Mwezi wa Ramadhani tunahamishia zoezi baada ya futari.

Kisha mpime presha akiwa amelala dakika 5, asimame, umpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mpeleke kwa daktari pamoja na dawa zake zote. Usimpunguzie dawa wewe. Mzee anayesema "niliona giza nikaanguka" mara nyingine tatizo lake ni hili, na ukimchosha miguu hujalitibu.

Hatua ya 2: Kiti

Kiti cha mbao, kigumu, cha miguu minne, mgongo wake ukiegemea ukuta. Cha plastiki sikitaki kabisa. Juu ya vigae miguu yake hutanuka na kuteleza, na mzee akielemea upande mmoja kinapinduka naye. Sofa nayo inazama, magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, hata kijana hujikongoja kutoka humo.

Hatua ya 3: Mpime kabla hujaanza

Akae katikati ya kiti chenye kimo cha kama sentimita 43 (futi ya fundi cherehani inatosha kupimia), akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 79, chini ya mara 10 ni dalili kwamba yumo hatarini kuanguka. Kwa mwanamume wa miaka 70 hadi 74 ni chini ya 12, na wa 75 hadi 79 ni chini ya 11. Vipimo hivyo vinatumika Marekani, nami huvichukua kama alama ya kuanzia tu. Akilazimika kutumia mikono, andika sifuri. Mama aliandikiwa sifuri.

Hatua ya 4: Kuinuka kwenyewe

Hapa nilipoteza wiki tatu, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa namwambia, "Mama, sukuma na miguu." Anajaribu, anapanda kidogo, anarudi chini kwa kishindo. "Mwanangu, miguu hii imekwisha." Nikaamini ni udhaifu mtupu. Nikamfunga mfuko wa mchanga kifundoni ili anyooshe goti akiwa amekaa, kila siku asubuhi na jioni. Goti likapata nguvu kweli, lakini kuinuka bado hawezi. Jioni moja nimekaa mkekani mbele yake, macho yangu yakawa sawa na miguu yake, ndipo nilipoona. Nyayo zilikuwa zimetangulia mbele ya magoti, tena zimebanana, kwa sababu kanga aliyojifunga ilikuwa imembana. Hata mimi mwenye miaka yangu nisingeinuka hivyo. Jaribu sasa hivi: kaa, tanguliza nyayo mbele, uinuke bila kuinama. Hutoki.

Basi anza na nguo. Kanga ilegezwe au avae suruali ndani. Dera refu lipandishwe, hukanyagwa wakati wa kuinuka. Kandambili avue. Miguu mitupu juu ya sakafu kavu inafaa, ila mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi avae raba.

Halafu mpange hivi. Asogee hadi nusu ya mbele ya kiti. Arudishe nyayo nyuma ya magoti, kama nusu shubiri, na azitenganishe kwa upana wa nyonga. Ainame mbele kutoka nyongani, mgongo umenyooka, mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio yatakapojiachia kutoka kitini, na hapo ndipo akanyage chini kwa nguvu na kusimama.

Kuinama ndiko wanakokuogopa. Mzee aliyewahi kuanguka anahisi akiinama ataanguka kifudifudi, kwa hiyo anajivuta nyuma wakati uleule anaotaka kupanda. Maneno "inama mbele" hayakumsaidia mama. Kilichomsaidia ni kumwambia, "Chungulia wali kwenye jiko la mkaa." Akainama vizuri mara moja, maana hilo amelifanya maisha yake yote. Nilimwekea pia kiti cha pili mbele, mgongo wake ukimwelekea yeye, mwanangu amekikalia ili kisisogee. Hakukigusa, lakini alijua kipo.

Usimvute mikono, wala usimbebe kwapani. Unaumiza bega, halafu unamvuta juu wakati anatakiwa kwenda mbele kwanza. Simama ubavuni, kiganja kimoja kiwe mgongoni, chini kidogo ya mabega, umwongoze mbele. Nguvu zote zitoke kwake.

Asizuie pumzi. Wengi hufunga mdomo na kujikaza, na presha hupanda. Namwambia ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Akishindwa hata baada ya hayo, kiti ni kifupi mno kwake. Mimi nilikunja mablanketi mawili mazito, nikayalaza juu ya kiti na kuyafungia chini kwa kanga yasiteleze. Usiweke matofali chini ya miguu ya kiti, nimewaona watu wanafanya hivyo na kiti kinayumba. Kwa mablanketi mawili mama aliinuka siku hiyohiyo, kwanza akisukuma mapaja kwa viganja. Baada ya wiki mbili nikatoa moja. Baada ya nyingine tatu likatoka la pili. Mikono ndiyo ilikuwa ya mwisho kuachwa.

Kuketi ni nusu ya zoezi na watu wanaitupa. Ashuke akihesabu moja hadi tatu, asijitupe. Misuli inayomzuia kuporomoka wakati wa kukaa ndiyo itakayomshika anaposhuka ngazi.

Na magoti? Yenye yabisi yatalalamika kidogo. Maumivu yanayotulia kabla ya asubuhi ya pili hayanitishi. Yakiendelea, au goti likivimba, pandisha kiti na upunguze idadi.

Hatua ya 5: Kiasi

Ainuke mara 5, apumzike dakika moja au mbili, ainuke tena 5. Mwanzoni iwe siku tatu kwa wiki, kisha ongeza taratibu hadi 10 kila duru. Mbili za mwisho ziwe ngumu. Zikiwa rahisi, shusha kiti, maana misuli isiyosumbuliwa haikui.

Ukiambiwa amezeeka mno, wakumbushe jaribio la Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, lililochapishwa mwaka 1990. Walichukua wazee 10 dhaifu wa kituo cha wazee, wastani wa miaka 90, wakawapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Hatua ya 6: Kusimama bila kuyumba

Ashike nondo za dirisha (mlango unafunguka, usiutumie), atangulize mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Sekunde 10, abadilishe. Akizoea, ashike kwa kidole kimoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba angalau siku 3 kwa wiki.

Hatua ya 7: Kutembea

Jioni, jua likipungua, hadi dukani na kurudi.

Hatua ya 8: Kushuka chini na kuinuka

Usiifikie kabla hajaweza kuinuka kitini mara 8 bila mikono. Kiti kigumu kiwe mkekani, ukutani. Kuinuka: ageukie ubavu, apige magoti na viganja, atambae hadi kitini, aweke viganja juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, asukume, ageuke na kukaa. Goti linalouma liwekewe mto.

Mama alikuwa akiswali kitini tangu alipoanguka, na hilo lilimuuma kuliko yote. Mwezi wa nne wa mazoezi alishuka mkekani, akasujudu, akainuka akishika kiti. Vipimo vya sekunde 30 vilisema 11. Kiti nimekiacha palepale karibu na mkeka, na nimewaambia wanangu wasikiondoe.