Kupima nguvu ya kontroli amu za kununua kwa pikapu iliyoshushwa kimo

Kontroli amu, ile mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye fremu, zinazouzwa dukani ni nzuri kupiga picha: rangi inang'aa, bushi (maungio laini ya kwenye fremu) mpya, mshono umejipanga kama magamba ya samaki. Tatizo ni kwamba picha haionyeshi unene wa bomba. Niliwahi kuletewa pikapu imelala upande mmoja kwa upana wa kidole. Mwenye gari alishabadilisha springi, na bado imelala. Nikalaza rula ya chuma juu ya bomba la amu ya chini, nikaona mwanga unapita katikati. Amu imepinda sentimita moja pale springi inapokalia, na kwa kuwa springi iko katikati ya amu, kwenye tairi ile sentimita inakuwa mbili. Rangi ilikuwa haijabanduka hata kidogo.

Kwa hiyo kabla hujauliza amu ni ya chuma gani, jiulize mzigo unakaa wapi.

Hatua ya 1: Jua amu ipi inabeba gari

Angalia springi (au puto la hewa) imekalia wapi. Ikikalia amu ya chini, hiyo ndiyo inayobeba gari. Ya juu inashika tu tairi lisimame wima, inavutwa na kusukumwa wakati wa breki na kona, na inaweza kuwa nyembamba bila shida. Watu wengi hununua ya juu nene kwa sababu ndiyo inayoonekana, halafu wanabana matumizi kwenye ya chini. Kama gari lako linatumia fimbo ya kujisokota badala ya springi, amu inapindishwa zaidi pale ndani fimbo inapoingia, siyo katikati.

Sasa hesabu. Tuseme tairi moja linabeba kilo 600, amu ina urefu wa sentimita 40 na springi iko katikati kabisa. Springi inaikandamiza amu kwa kilo 1,200, siyo 600. Nguvu ya kupindisha pale katikati ni kama nyutoni-mita 1,180, na hapo gari limesimama tu. Kwa shimo la ghafla mimi huzidisha kwa 3, napata karibu 3,530. Amu yenye mabomba mawili inagawana, kila bomba 1,765.

Na gari lililoshushwa ndilo linalogonga mwisho mara nyingi, maana safari ya kwenda juu imepungua.

Hatua ya 2: Pima bomba

Chukua vania kalipa (rula yenye taya za kubania). Kipenyo cha nje utakipata mara moja. Unene mwulize muuzaji kwa milimita, na asiyeujua mwache. Ukiwa na kipimo cha sauti cha kupimia unene wa bamba, huna haja ya kumwuliza mtu.

Bomba la milimita 38 lenye unene wa 4.8, kwa mzigo tuliopiga hapo juu, linapata mkazo wa karibu megapaskali 476. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi. Bomba lililovutwa baridi juu ya kalibu hufika karibu 480, yaani linapona kwa unywele. Bomba la milimita 32 lenye unene wa 3.2 lina nusu tu ya uwezo wa hilo la kwanza. Kwenye picha tofauti hiyo huioni.

Angalia pia kona bomba lilipokunjwa. Mikunjo midogo upande wa ndani, au bomba kuwa bapa kama limekanyagwa, maana yake lilikunjwa bila kalibu inayofaa, na ukuta wa nje hapo umekonda.

Hatua ya 3: Soma mshono

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Amu nzuri haikatiki katikati ya bomba, inakatika kando ya mshono, pale moto ulipopita na chuma kikabadilika. Washa tochi, iweke ubavuni siyo mbele, na zungusha amu polepole. Unatafuta mfereji mwembamba kando ya mshono, vitundu kama vya mkate, na mshono uliokaa juu kama nta iliyodondoka bila kuingia kwenye chuma. Kikombe cha boli jointi (kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka) kichomelewe mzunguko mzima; vipande vitatu vya sentimita mbili havitoshi. Mshono uliosagwa laini kwa grainda unanitia wasiwasi kuliko mshono wenye sura mbaya, kwa sababu sijui kilichoondolewa.

Bamba la kuimarisha likiishia ghafla kwa pembe kali, ufa utaanzia hapo hapo. Liishie kwa mteremko.

Nikiwa na shaka natumia rangi ya kupenya. Safisha chuma hadi king'ae, nyunyiza rangi nyekundu, subiri dakika 10 hadi 15, futa kabisa kwa kitambaa, kisha nyunyiza ile nyeupe. Kama kuna ufa, mstari mwekundu unajichora wenyewe. Haifanyi kazi juu ya rangi wala kromu, na hiyo ndiyo sababu amu ya kromu siipendi chini ya gari la kazi.

Hatua ya 4: Ifunge bila springi

Jeki, stendi chini ya fremu, amu ifungwe bila springi. Ipandishe na kuishusha mwendo wote huku ukigeuza usukani. Boli jointi ikifika mwisho wa kikombe kabla amu haijafika mwisho wa safari, shingo yake ndiyo itakayokatika, hata amu iwe ngumu kama reli. Hakikisha raba ya kugongea inakutana na amu kwenye bamba, siyo katikati ya bomba tupu. Bushi za raba zikazwe gari likiwa kwenye kimo chake, la sivyo zinabaki zimejisokota.

Maswali niliyoulizwa

*Mkuu, kwa nini nisitumie nondo nzima ya milimita 32 badala ya bomba?*
Kwa sababu ni nzito na inashindwa. Bomba la 38 kwa 4.8 linahimili kupindishwa kwa asilimia kama 15 zaidi ya nondo hiyo, na lina chuma pungufu kwa zaidi ya theluthi. Chuma cha katikati hakifanyi kazi kubwa kwenye kupinda, kinachobeba ni cha nje.

*Fundi, muuzaji anasema zake ni kromoli (chuma kilichochanganywa kromi na molibdeni) kwa hiyo hazinesi.*
Amechanganya mambo mawili. Kromoli inachelewa kupinda, lakini kunesa ni kulekule, vyuma vyote vinanesa karibu sawa kwa umbo lilelile. Ukitaka isinese ongeza kipenyo.

*Na za alumini je?*
Iliyochongwa kutoka kipande kimoja kinene, sawa. Iliyochomelewa bila kupashwa moto upya baadaye ili kurudisha ugumu wake, hapana: kando ya mshono inapoteza karibu nusu ya nguvu. Tena alumini huchoka. Mizigo midogo ikirudiwa miaka, ufa utakuja.

*Nimeona kaufa kwenye mshono, nichomelee juu yake tu?*
Ukichomelea juu, ufa unabaki chini unakusubiri. Kwa amu ya chini, mimi naitoa na kuitupa. Kisha pima na ya upande wa pili, zilitengenezwa na mkono mmoja.