Pumu ya usiku? Chunguza na kiungulia

Pumu ninayo tangu utotoni, hapa hapa Tandika. Ikikubana usiku wa manane huku mdomo una uchachu, huenda tindikali ya tumbo inapanda na matone yake kupenya njia ya hewa. Hata ikiishia kwenye umio (njia ya chakula), inaweza kuamsha mishipa ya fahamu na kifua kikabana.

Chipsi mayai za saa nne usiku, achana nazo. Kula masaa matatu kabla ya kulala. Kitanda kiinue upande wa kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito kunakunja tumbo tu (na shingo utaijua asubuhi). Lalia ubavu wa kushoto.

Dawa ya kuvuta usiiache, na daktari mtajie kiungulia, si kikohozi peke yake.