Kutoka hoja ya CAG hadi shilingi ya Waziri: namna ya kuifuatilia kasma moja

Mbunge akisema "fedha za wananchi zinaliwa" atapigiwa meza, kisha Waziri atajibu kwa sentensi mbili na kukaa. Akitaja fungu (namba ya bajeti ya wizara au taasisi), kasma (mstari mmoja wa matumizi ndani yake), mwaka wa fedha na tarehe ya hati ya malipo, wataalamu wa wizara wataanza kuandika vikaratasi vya kumpelekea Waziri. Mwongozo huu ni kwa wabunge wapya wa Bunge la Tanzania na wasaidizi wao. Unafuata hoja moja tu ya ukaguzi, kwa sababu dakika za kuchangia hazitoshi mbili.

Hatua ya 1: Chagua hoja

CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ana miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, kwa hiyo humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kuanza. Ripoti ya Aprili 2025 basi ni ya mwaka 2023/24. Ukiuchanganya mwaka huo na unaoendelea, umempa Waziri mlango wa kutokea.

Hati inayoridhisha isikulaze usingizi. Inasema vitabu vya hesabu vimeandaliwa sawasawa, haisemi fedha zilinunua kitu cha thamani yake. Anza na sura ya mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hoja ndogo inayojirudia kwa mwaka wa tatu ina nguvu kuliko hoja mpya ya mabilioni, maana afisa masuuli (mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi) ameshaahidi kwa maandishi kuifunga.

Hatua ya 2: Chora jedwali

Safu tano: iliyoidhinishwa, iliyotolewa na Hazina, iliyotumika, kilichopo eneo la mradi, kinachodaiwa. Matumizi ya kawaida ya wizara yamo Juzuu ya Pili ya vitabu vya bajeti, mikoa Juzuu ya Tatu, maendeleo Juzuu ya Nne.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha polisi kimeidhinishiwa shilingi milioni 600. Hazina imetoa milioni 250, zimetumika 248, na jengo limeishia kwenye linta. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapiga kelele kwamba milioni 600 zimeliwa, wakati 350 hazikutoka kabisa. Hizo 350 ni swali la Waziri wa Fedha. Za kumuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani ni zile 248.

Omba vyeti vya malipo, taarifa ya kamati ya mapokezi na leja ya stoo. Leja hiyo isome mwenyewe, mstari kwa mstari. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa takriban matofali 25 hadi 35 ya inchi sita. Matofali 3,000 basi, hata kwa fundi asiyebana, hayapiti mifuko 120. Leja ikionyesha mifuko 400 imetoka "kwa kufyatulia", umepata swali ambalo halijibiki kwa hotuba.

Hatua ya 3: Mafungu ya ulinzi na usalama

Polisi ni Fungu 28, Magereza 29, Ngome (jeshi la JWTZ) 38, JKT 39, Uhamiaji 93. Idadi ya silaha na mahali vikosi vilipo usiulize ukumbini. Yapeleke Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, inayoweza kukutana faragha. Lakini neno "usalama" lisitumike kufunika kila risiti. Sare, chakula cha wafungwa, mafuta ya magari na madeni ya wazabuni ni matumizi ya kawaida kabisa.

Kwa madeni, uliza mambo mawili: lina umri gani, na limehakikiwa? Mzabuni anayekaa muda mrefu bila kulipwa hupandisha bei kwenye zabuni inayofuata ili kufidia ucheleweshaji, na Serikali inanunua kilekile kwa bei kubwa zaidi. Uliza pia kama ununuzi ulipita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na kama haukupita, kwa idhini ya nani.

Hatua ya 4: Hasara au jinai?

CAG hamfungi mtu. Akiona dalili za jinai, Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura 418, inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi. Makosa ya uhujumu uchumi chini ya Sura 200 hayaendi kusikilizwa mahakamani bila ridhaa ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hiyo swali lako liwe la tarehe: jalada lilifika TAKUKURU lini, lilikwenda kwa DPP lini, limekwama wapi?

Kabla ya kuuliza, hakikisha shauri halijafunguliwa. Likiwa mahakamani, Kiti (anayeongoza kikao) kitakuzuia. Hapo uliza udhibiti uliobadilishwa ili wizi huo usirudiwe. Na usimwite mtu mwizi. Kinga ya Ibara ya 100 inakulinda bungeni. Ukilirudia neno hilo nje mbele ya waandishi wa habari, umesimama peke yako.

Hatua ya 5: Shika shilingi

Tanguliza swali la msingi kwa maandishi, na maswali yako mawili ya nyongeza uyaandike siku moja na hilo la msingi. Jibu lisiporidhisha, subiri Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitisha bajeti kifungu kwa kifungu. Kifungu 1001, chenye mshahara wa Waziri, ndipo pa kusimama: taja hoja, omba ufafanuzi, na useme kwamba usiporidhika unakusudia kutoa shilingi, yaani hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara huo. Zungumza na wenzako usiku uliotangulia, maana wasiposimama kukuunga mkono hoja inafia hapo. Jina lako liwahi kwenye orodha pia. Muda ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo.

Usiirudishe shilingi kwa "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Dai tarehe, cheo cha atakayetekeleza, na hati itakayoletwa kuthibitisha.

Chukua Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) ya siku hiyo na uitie alama ukurasa wa ahadi. Aprili inayofuata, uweke kando ya sura ya mapendekezo yasiyotekelezwa. Hoja ikiwa bado imo, mwandikie Mwenyekiti wa PAC (Kamati ya Hesabu za Serikali), au wa LAAC (Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa) kama ni ya halmashauri, na uambatanishe jedwali lilelile la safu tano.