Umehamia Mtwara kutoka nje ya nchi? Andaa simu yako hivi

Mwongozo huu ni wa Mkenya aliyepata kazi kiwanda cha saruji kule Msijute, Mganda anayekuja kufundisha, Mkongomani au Mngazija aliyefuata biashara, na pia wa mwenyeji ambaye bosi wake amemwambia, "Mgeni anafika kesho, msaidie mambo ya simu." Kazi yangu ni laini na simu hapa mjini. Wageni wengi wananiletea simu iliyojaa programu walizoshauriwa mtandaoni, halafu hawawezi kununua hata umeme wa elfu mbili.

Kanuni ninayoifuata ni moja: kila jambo la lazima liwe na njia ya pili isiyohitaji intaneti. Mei 2024 tuliona sababu yake. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyekuwa na menyu za nyota (zile unazofungua kwa kupiga namba inayoanza na nyota, bila intaneti) na ramani iliyopakuliwa aliendelea na shughuli zake. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini, programu inakuja baada ya namba ya nyota.

Hatua ya 1: Kabla hujapanda basi au ndege

Hakikisha simu yako haijafungwa na mtandao wa kwenu. Chomeka laini ya mtandao mwingine uone kama inakubali. Kisha piga *#06#, namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, itatokea, iandike kwenye karatasi. Ukifika, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili ujue kama simu ni halali. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia mwaka 2016, na hutaki kununua laini kisha ukagundua tatizo ni simu yenyewe.

Laini yako ya zamani usiitupe. Iweke kwenye tundu la pili, zima data zake ili isikate salio ukiwa huku, na uiache ipokee ujumbe tu. Benki ya kwenu itaendelea kukutumia namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na WhatsApp yako inaweza kubaki na namba ileile kwa muda wote utakaokaa.

Ukiwa bado una intaneti nzuri, pakua ramani ya eneo lote kuanzia Mtwara Mjini na Mikindani hadi Lindi, Masasi na Newala. Google Maps inafanya hivyo, na Organic Maps pia, ambayo haihitaji kufungua akaunti. Kama Kiswahili bado kinakupa shida, pakua na lugha yenyewe ndani ya Google Translate ili itafsiri bila mtandao.

Hatua ya 2: Laini ya hapa

Nenda mwenyewe, na pasipoti halisi mkononi. Nakala haitoshi, kwa sababu usajili ni wa alama za vidole. Kama tayari una kibali cha ukaazi, kibebe. Nenda duka la mtandao wenyewe kuliko kwa kijana mwenye mwavuli barabarani. Wapo waaminifu wengi miongoni mwao, lakini mgeni usajili wake una maswali zaidi na dukani unayamaliza papo hapo.

Asikusajilie mtu laini kwa jina lake, hata akiwa mwenzako wa kazini. Siku ukipoteza simu, mwenye haki ya kuirudisha namba ni yeye, na pesa zilizomo ziko kwa jina lake. Ukishasajiliwa, piga *106# uhakiki jina lililoingia. Litazame herufi kwa herufi. Jina likitofautiana na pasipoti, benki itakusumbua miezi mitatu baadaye, wakati umeshasahau chanzo.

Mtandao upi? Uliza majirani wa unakokwenda kulala. Mtu wa Shangani hawezi kukuambia hali ya Msimbati au Naliendele. Ingia ndani ya chumba utakachokaa, azima simu ya jirani, jaribu kupiga na kufungua picha. Hilo linakupa jibu kuliko tangazo lolote.

Jambo moja la huku kwetu: ukielekea Kilambo au Mtambaswala, karibu na mto Ruvuma, simu inaweza kushika mnara wa Msumbiji. Vodacom ipo nchi zote mbili, kwa hiyo jina unaloliona kwenye skrini linaweza kukudanganya. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao wa Tanzania wewe mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague, na uzime data nje ya nchi.

Hatua ya 3: Pesa kwenye simu

Hapa usiharakishe. Mtwara unaweza kukaa wiki nzima bila kushika noti, lakini huwezi kukaa siku mbili bila pesa ya simu.

Kwa Mkenya: M-Pesa yako ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom Tanzania ni akaunti mbili tofauti. Unaweza kujitumia kutoka ile kwenda hii, ila wakala wa hapa hawezi kukutolea pesa iliyoko Safaricom. Fungua ya hapa.

Namba za kuzihifadhi kichwani ni hizi: Vodacom M-Pesa *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx by Yas (ndiyo Tigo Pesa ya zamani, jina lilibadilika 2024) *150*01#, na HaloPesa *150*88#. Programu za mitandao hiyo ni nzuri na zinatunza kumbukumbu ya miamala, basi ziweke, lakini kwanza zoea nyota.

Namba ya siri iweke mwenyewe. Mimi mteja akifika hapo namrudishia simu na kugeuka pembeni, na wakala yeyote anayestahili kuaminiwa anafanya hivyo. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Umeuandika kwenye kila fomu uliyojaza tangu ufike.

Sasa fanya muamala wa kwanza kwa elfu moja. Piga nyota ya mtandao wako, chagua kutuma pesa, andika namba, andika kiasi. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Simama hapo. Lisome kwa sauti, mwenye duka au mwenzako aitikie ndilo lenyewe, ndipo umalize. Dukani ni vilevile: utaona bango la Lipa Namba, unaingiza tarakimu zake, jina la duka linakuja. Likija jina usilolitambua, uliza kwanza. Ukikosea ukatuma kwingine, piga 100 kwa huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, kabla aliyepokea hajatoa.

Mtu akikuomba umtumie "na ya kutolea", anataka uongeze makato ya wakala juu ya kiasi mlichokubaliana. Kubalianeni hilo mwanzoni, hasa kwenye kodi ya nyumba na ujira wa mafundi.

Kipindi cha mauzo ya korosho, kuanzia Oktoba, fedha taslimu inaweza kukosekana kwa wakala mchana kwa sababu kila mtu anatoa. Ukihitaji kiasi kikubwa, mpigie asubuhi akuwekee, au tumia benki. NMB ni *150*66#, CRDB ni *150*03#, na zote zina programu zao. Kufungua akaunti utahitaji pasipoti, kibali na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa mapema. Anwani yako ya makazi unaweza kuitafuta kwenye programu ya NaPA, ambayo ni ya serikali ya anwani za makazi. Namba ya nyumba na jina la barabara utavikuta humo, na kwenye kibao mlangoni.

Kama programu ya hapa haionekani kwenye Play Store, akaunti yako bado inasomeka ya nchi uliyotoka. Google inaruhusu kubadili nchi mara moja tu kwa mwaka, basi usibadili kwa pupa kama kuna programu za kwenu unazozitegemea. Nyota inafanya kazi ileile.

Hatua ya 4: Ujumbe wa "ile hela"

Hiki ndicho kinachoniumiza zaidi kuona mgeni akiingia. Unapata ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Au ujumbe unasema unatoka kwa mwenye nyumba wako na kodi uitume namba mpya. Matapeli wanatuma kwa maelfu ya watu bila kujua nani ni nani. Mtanzania anaupuuza kwa sababu ameuona tangu zamani. Wewe umetoka kuahidi kodi jana, na unaona umeandikiwa wewe.

Fanya hivi. Usijibu. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoihifadhi siku mlipoonana, usipige iliyokutumia ujumbe. Kisha peleka ujumbe huo kwenda 15040, utaombwa namba ya tapeli, nayo itume. Anayejiita mtu wa mtandao na kukuomba namba ya siri au namba ya uthibitisho, kata simu. Usimpe hata tarakimu moja.

Hatua ya 5: Nyumba, umeme na maji

Kodi ni ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye nyumba akitaja dola, mwombe kwa heshima ataje shilingi. Programu ya viwango vya kubadili fedha itakusaidia kujua umekubaliana nini.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, piga picha namba ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nunua umeme wa elfu mbili mbele ya mwenye nyumba kupitia nyota ya mtandao wako, sehemu ya malipo. Utapokea tarakimu 20. Ziingize kwenye mita mkiwa wote wawili. Hapo mtajua mambo matatu kwa mpigo: mita inakubali, namba ni sahihi, na kuna makato gani. Kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU tangu 2021, hivyo usishtuke uniti zikipungua kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, ila mkubaliane na mwenye nyumba nani anaibeba. Nyumba ikiwa imekaa tupu tangu kabla ya Novemba 2024, mita inaweza kukataa kabisa kwa sababu mita zote zilitakiwa ziwe zimesasishwa kufikia mwezi huo. Hiyo ni kazi ya TANESCO, shirika la umeme: piga 180, au tumia programu yao ya NIKONEKT.

Maji ni MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mtwara. Malipo yoyote ya serikali yanakuja na namba ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Unailipa kwenye menyu ya pesa, na jina la taasisi linaonekana kabla ya kuthibitisha.

Hatua ya 6: Kutembea

Mjini ni bodaboda na bajaji. Hifadhi namba za madereva wawili wa kijiwe cha karibu na nyumbani, mmoja akikosekana mwingine aje, na mkubaliane bei kabla ya kupanda. Kwenye ramani uliyopakua weka alama nyumbani, kazini, stendi, Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Namba za dharura ziandike pia kwenye karatasi: polisi 112, zimamoto 114, gari la wagonjwa kwa mjamzito na mtoto mchanga 115.

Kwenda Dar kwa basi ni zaidi ya kilomita 500. Tiketi iwe ya kielektroniki yenye jina lako na namba ya kiti, ulipie kampuni yenyewe, usimpe mpiga debe. Wakati wa mvua angalia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kisha piga ofisi ya basi kuuliza hali ya barabara ya Somanga, upande wa Kilwa. Kwa ndege, Air Tanzania na Precision Air zinafika hapa.

Hatua ya 7: Kibali na VPN

Kibali cha ukaazi kinaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa wawekezaji, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Malipo ni kwa namba inayoanza na 99 tu. Anayekuambia umtumie yeye kwenye simu "akusukumie faili", achana naye. Weka kengele kwenye kalenda ya simu miezi mitatu kabla kibali hakijaisha.

Ukija na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri), fahamu kwamba TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kuwa wanaoitumia wanapaswa kuisajili. Kama ni ya kazi, mwajiri wako aishughulikie.

Hatua ya 8: Jaribio

Jioni moja zima data na Wi-Fi. Sasa tuma elfu moja kwa mwenzako. Nunua umeme wa elfu moja. Fungua ramani uone njia ya kwenda Ligula kutoka kitandani kwako. Mpigie dereva wako wa boda. Piga *106# usome jina lako. Lolote litakalokwama, rudi kwenye hatua yake ulirekebishe kesho asubuhi maduka yakifunguliwa.