Kuskani slaidi za familia nyumbani, kabla ukungu haujazimaliza

Kama kwenu kuna lile boksi la slaidi za babu, zile picha ndogo za rangi kwenye fremu ya karatasi ngumu au plastiki, zilokuwa zikirushwa ukutani kwa projekta, zitoe leo uzitizame. Hapa Lamu unyevu wa bahari hauzionei huruma. Boksi letu la Langoni nimelifungua nimekuta nusu ya slaidi zimefanya ukungu, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui.

Na hapo ndo nlipokosea. Nlichukua kitambaa chenye maji kidogo nikapangusa moja ya Maulidi, nyuso za watu zikatoka na kitambaa. Manake ukungu ukishakula ile gelatini inayoshika rangi, gelatini inayeyuka kwa maji, na ishatoka hairudi. Bado inaniuma. Kwa hivo maji usiguse kabisa, wala ile spiriti ya asilimia 70 pia usitumie kwa sababu ina maji ndani. Puliza vumbi kwa kile kipira cha kusafishia kamera (mdomo utarusha mate), alafu penye ukungu pitisha pole pole pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na shika slaidi kwa fremu tu. Ikiwa picha ishaanza kubanduka iache, iskani hivohivo.

Skana yenyewe lazima iwe na taa kwenye kifuniko, kwani mwanga unatakiwa upite ndani ya slaidi, zile za ofisini za kuskani vitambulisho zitakutolea kiza kitupu. Kwenye programu chagua filamu ya pozitivu, sio negativu, na weka dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi. Kipicha cha milimita 24 kwa 36 kitakupa zaidi ya megapikseli 7, inatosha kuprinti ukatundika ukumbini. Weka faili kwa TIFF, aina ya faili isopunguza ubora wa picha, za kutuma WhatsApp ndo ugeuze JPEG, zile nyepesi.

Kuna kitufe cha kuondoa vumbi kwa infraredi, kizuri sana, lakini fremu ikiandikwa Kodachrome kizime, mara nyingi kinachanganyikiwa na filamu ile kinafuta hata vitu vya picha yenyewe. Na ukitaka kujua kama umeweka slaidi kinyume tafuta mtu aliyevaa kanga, maneno yake yakisomeka nyuma mbele basi igeuze.

Sasa majina, na hapa usifanye pupa. Ule mwezi uliopigwa chapa kwenye fremu ni wa picha kusafishwa studio, picha yenyewe huenda ilipigwa miezi mingi nyuma, kwa hivo usiuamini peke yake. Mimi nlitia zote kwenye flashi nikaenda kwa shangazi, tukakaa mbele ya tivii baada ya alasiri, simu inarekodi. Kwenye picha moja mimi nliona kina mama watatu barazani basi, yeye akawataja wote, na nani alikuwa na mimba ya nani. Jina la faili nikaliandika hapohapo, mwaka, mtaa, watu.

Kopi weka mbili, moja iwe nyumba nyengine. Na slaidi usitupe, zirudishe kwenye kopo la kufunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe kusi ikianza.